Mita Kumi na Nne

Machi, Inari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Wino umeganda, naandika kwa penseli:
mita sita, imejibu.
Mita saba, imejibu kwa shida.
Mita nane, kimya.

Hereni hii haina betri. Ni chipu ndogo kuliko punje ya mtama
na uzi wa shaba uliokunjwakunjwa mithili ya utumbo wa kuku.
Haina chake. Antena yangu ikiita,
hereni hudokoa nguvu katika wito wenyewe,
huamka, hutaja jina, huzimika.
Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Hawakuijua hii, iliyozaliwa uchi,
inayoazima kwa muda wa kope kupepesa
na kulipa papo hapo, bila matanga.

Bi Ravna Saijets anatutazama kutoka ng'ambo ya zizi,
kisu kiunoni.
Masikio ya kulungu wake wa theluji kayachanja mwenyewe:
mapengo mawili kushoto, ulimi wa nyoka kulia,
alama aliyoachiwa na shangazi yake,
na huisoma mnyama akiwa mbioni.
"Chombo chako kinaona mpaka wapi?"
"Mita tisa," nasema, nikiongeza mbili za aibu.
Anaelekeza kidevu kwenye ziwa lililoganda.
"Yule wangu. Yule wa Niillas.
Yule mbishi, kila mwaka huvunja uzio."
Mimi naona vitone.

Miaka minne, mimi na Tuukka, maabara ya Oulu,
tunagombania mita.
Tumepandisha nguvu mpaka sheria ikasema basi.
Adui yetu ni damu. Sikio hai ni maji vuguvugu,
na maji hunywa mawimbi bila kushiba.
Halafu kisomaji hujisikia chenyewe:
hupiga kelele huku kimetega sikio,
na mwangwi wake hufunika mnong'ono kinaoutafuta.
Nawajua watu wa namna hiyo.
Nimeolewa na mmoja.

Siku ya tatu, jua limelala ubavu,
kulungu wameshafunguliwa, zizi tupu,
nakunja nyaya.
Kisomaji kikalia.

Nikageuka: theluji, uzio, misonobari.
Tuukka akasema ni hitilafu. Kikalia tena,
namba ile ile, safi kuliko zote tulizowahi kupata.

Bi Ravna akaja na sepetu, hakuuliza.
Dhiraa moja chini ya theluji kavu
tukakuta pembe, mfupa wa taya, na sikio
gumu kama gome la mti.
Nyegere wa kaskazini alikuwa amemaliza kazi zamani.
Mapengo mawili. Ulimi wa nyoka.
Hereni palepale, njano,
ya yule jike aliyekuwa akimtafuta tangu Novemba.

Tuukka alinyoosha utepe kutoka antena hadi shimoni.
Kumi na nne na ushei. Alitaka kushangilia,
akaona uso wa mama yule, akajikohoza.
Nami nikaelewa, na kuelewa kukanifadhaisha:
hakuna tena damu ya kunywa wimbi,
na theluji kavu haimzuii mtu.
Kile tulichokihangaikia miaka minne
kilimhitaji mnyama afe tu.

"Ikiitwa, itajibu mpaka lini?"
"Haina cha kuisha," nikasema. "Miaka hamsini. Pengine zaidi."
Akanyamaza kama mtu anayepiga hesabu ya umri wake.
Kisha akaikata hereni kutoka sikioni,
akaipenyeza ndani ya glavu.
"Basi isiitwe ovyo."

Daftarini: mita 14.2, sikio kavu, theluji kavu.
Safu ya maoni nimeiacha wazi.

Alipita hatua mbili tu kutoka kwenye antena
ambayo, kwa uchovu, nilisahau kuizima.
Nikasubiri mlio.
Haukuja.
Alikuwa ameifumbata:
nyama hai, damu, maji vuguvugu.